Maji ya Debe na Maji ya Shamba

Kila mwaka, jua la Januari na Februari likizidi kukaza, mito iteremkayo kutoka Mlima Kenya hupungua, na maneno ya watu huongezeka. Mkulima aliye chini ya mto humlaumu aliye juu kwamba ameyafunga maji yote katika mfereji wake. Aliye juu huwalaumu wenye mashamba makubwa ya maua na mboga. Mfugaji wa nyikani, ambaye ng'ombe wake wamekuta mchanga mtupu mahali palipokuwa na mto, huwalaumu wote pamoja. Naye karani wa mjini, afunguapo bomba asubuhi na kusikia upepo tu, hudhani kwamba watu wa mashambani ndio waliomnyima. Kila mmoja ana hakika ya neno lake, lakini ni wachache miongoni mwao waliopata kuyapima maji wanayoyatumia wao wenyewe.

Shauri lisilo na vipimo haliamuliki kwa haki. Kwa hiyo yafaa kutazama kwa utulivu ni nani hasa atumiaye maji mengi, na kwa nini mambo ya nchi moja hayafanani na ya nchi nyingine.

Kipimo cha debe

Kipimo kijulikanacho na kila mtu ni debe, ambalo kwa hesabu nyepesi huchukua lita 20. Nyumba ya watu sita iliyo mbali na bomba, ikitumia madebe matano kwa siku kwa kunywa, kupika, kufua na kuoga, hutumia lita 100. Mwanamke abebaye maji hayo mgongoni anajua uzito wa kila lita, wala hahitaji kuhubiriwa habari za kuyaweka akiba.

Sasa mkulima aliye jirani na nyumba ile na afungulie maji shamba lake la eka moja, yaingie mpaka yafikie kina cha inchi moja tu. Maji hayo ni zaidi ya lita 100,000, yaani zaidi ya madebe 5,000. Nyumba ile ingeweza kuyatumia kwa muda wa siku 1,000, karibu miaka mitatu. Na mboga haziridhiki na inchi moja. Wakati wa jua kali hutaka inchi moja au zaidi kila juma.

Hesabu hiyo ndogo yaeleza habari ya dunia nzima. Katika kila sehemu 100 za maji matamu ambayo wanadamu huyachota mitoni, maziwani na visimani, yapata sehemu 70 huenda mashambani. Viwanda, pamoja na mitambo ya umeme, huchukua karibu 20. Nyumba na miji yote, kwa kunywa na kupika na kuoga na kufua, huchukua kiasi cha 10 au zaidi kidogo.

Sababu ya shamba kunywa hivyo si uzembe wa mkulima peke yake. Mmea huyavuta maji kwa mizizi na kuyatoa hewani kwa majani, mchana kutwa, siku zote za maisha yake. Sehemu ndogo sana hubaki ndani ya mmea wenyewe. Wataalamu waliopiga hesabu hiyo kwa wastani wa dunia wasema kwamba kilo moja ya mahindi hutaka yapata lita 1,200 za maji, kilo ya mchele lita 2,500, na kilo ya nyama ya ng'ombe zaidi ya lita 15,000, kwa kuwa ng'ombe hula majani na nafaka ambazo nazo zilikunywa maji. Hata kikombe kimoja cha kahawa kina nyuma yake kiasi cha lita 130.

Lakini hapa pana jambo ambalo watu wengi hulikosea. Lita zile si zote za mto. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua za masika hunywa maji ambayo yangeanguka shambani vivyo hivyo, na mto haukupungukiwa na kitu kwa kuyachota. Nyanya zilizopandwa Januari kwa maji ya mfereji hunywa maji ya mto, tena wakati ambapo mto una maji machache kuliko wakati wowote. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza shamba limekunywa kiasi gani, sharti kuuliza limekunywa kutoka wapi, na katika mwezi gani.

Kukopa na kula

Katika nchi za viwanda vingi mambo huonekana kuwa tofauti. Hesabu ya serikali ya Marekani ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba nchi hiyo ilichota galoni za Kimarekani bilioni 322 kila siku, kutoka mitoni, visimani na hata baharini. Kati ya kila sehemu 100 za maji hayo, sehemu 41 zilikwenda katika mitambo ya umeme itumiayo mvuke, 37 katika kunyunyizia mashamba, na 12 katika mabomba ya miji. Ujerumani nako, ambako mvua hunyesha mwaka mzima, mashamba huchota sehemu ndogo sana ya maji, na mitambo na viwanda huchota sehemu kubwa.

Msomaji asifanye haraka kusema kwamba umeme wa Marekani hula maji kuliko mashamba yake. Mtambo wa mvuke huchota maji ya mto ili kupoza mvuke uliokwisha kuzungusha mashini. Katika mitambo mingi ya zamani, baada ya kazi hiyo karibu maji yote hurudishwa mtoni, yakiwa na joto zaidi kuliko yalivyokuwa, na mtu aliye chini aweza kuyatumia tena. Mtambo huo umekopa maji. Shamba halikopi bali hula: maji yaliyopanda hewani kwa majani ya mmea hayarudi katika mto ule. Mizani ya kuchota na mizani ya kula ni mizani mbili, na anayezichanganya hupata jibu la uongo.

Jambo jingine la kusifiwa katika hesabu za Marekani ni hili: uchotaji wa maji wa nchi hiyo ulifikia kilele chake karibu na mwaka 1980. Tangu hapo watu wameongezeka kwa makumi ya mamilioni, na mazao na umeme vimeongezeka pia, lakini mwaka 2015 maji yaliyochotwa yalikuwa machache kuliko ya mwaka 1980. Mitambo mipya hupoza kwa kuyazungusha maji yale yale mara nyingi, na wakulima wengi wameacha kuyamwaga maji mashambani ovyo na kutumia mashini za kunyunyiza. Kumbe nchi yaweza kuongeza mapato yake bila kuongeza kiu yake.

Majumbani, hata hivyo, Mmarekani ni mtumiaji mkubwa. Mwaka huo wa 2015 mtu mmoja alitumia nyumbani yapata lita 310 kwa siku, yaani zaidi ya madebe 15, nayo mengi yalikwenda chooni, bafuni na kunyunyizia majani ya uani. Mwingereza hutumia kiasi cha madebe saba, na Mjerumani kiasi cha madebe sita. Nyumba iliyotajwa mwanzoni, yenye watu sita, haifikii hata debe moja kwa kila mtu. Tofauti hiyo haitokani na tabia tu. Atumiaye bomba hulipa kwa fedha kidogo; achotaye mtoni hulipa kwa mgongo na kwa saa za mchana wake.

Nchi zisizo na mvua

Misri ni nchi ambayo karibu haina mvua, na maisha yake yote yametegemea mto mmoja. Katika mapatano ya mwaka 1959, Misri na Sudani zilihesabu kwamba mto Nile huleta Aswan mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka. Misri ilijipatia bilioni 55.5 na Sudani 18.5. Bilioni 10 zilizobaki ziliandikwa kuwa ni za kupotea, hasa kwa kunyonywa na jua katika ziwa kubwa la bwawa ambalo lilikuwa likikusudiwa kujengwa, nalo lilimalizika mwaka 1970. Nchi za chanzo cha mto, Kenya ikiwamo, hazikuwamo katika mapatano hayo. Yapata sehemu nane katika kila kumi za maji ya Misri hutumika mashambani. Mkulima wa huko akikosa zamu yake ya maji, hana wingu la kulitazamia.

Saudia ilifuata njia nyingine, na habari yake yastahili kukumbukwa na kila mwenye kisima. Katika miaka ya 1980 serikali ya huko ilitaka nchi ijitosheleze kwa ngano. Visima virefu vilichimbwa jangwani, na maji ya mvua zilizonyesha maelfu ya miaka iliyopita yakavutwa kwa pampu. Serikali ilinunua ngano hiyo kwa bei iliyozidi sana bei ya dunia. Jangwa likawa kijani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saudia ilikuwa miongoni mwa nchi ziuzazo ngano nyingi ng'ambo. Lakini visima vile havikuwa na mvua ya kuvijaza tena, na maji yakazidi kushuka. Mwaka 2008 serikali iliamua kupunguza ununuzi wake kidogo kidogo, na mwaka 2016 ikauacha kabisa. Baadaye iliruhusu tena kilimo hicho, lakini kwa kiasi chenye mpaka. Nchi iliyokuwa ikiuza ngano ikawa inainunua kwa meli. Kwa maneno mengine, ilikuwa imeuza urithi wake wa maji kwa magunia, na maji ya namna hiyo hayanunuliki tena.

Mtaalamu mmoja wa London, Profesa Tony Allan, alilifafanua jambo hilo katika miaka ya 1990. Alionyesha kwamba nchi kame inunuapo gunia la ngano, hununua pia maji yaliyoikuza ngano ile huko ilikotoka. Kwa njia hiyo nchi nyingi za Mashariki ya Kati zimeweza kuishi bila kupigania kila mto. Maji husafiri yakiwa yamejificha ndani ya chakula, nguo na maua.

Israeli nayo, ambayo ni kame, ilifunza njia ya tatu. Mwaka 1965 wakulima wa kijiji cha Hatzerim, pamoja na mhandisi Simcha Blass, walianza kutengeneza mipira yenye vitundu ambayo hudondosha maji tone kwa tone penye mzizi wa mmea, wala si katikati ya mistari ambako hakuna cha kunywa. Tena, karibu sehemu tisa katika kila kumi za maji machafu ya miji ya huko husafishwa na kupelekwa mashambani. Maji yaliyomwogesha mtu wa mjini ndiyo yamwagiliayo miti ya matunda. Singapore, ambayo ni kisiwa kisicho na mito mikubwa, tangu mwaka 2003 husafisha maji yake machafu kwa ustadi mwingi hata yakafaa viwanda, na mengine huchanganywa katika mabwawa ya maji ya kunywa.

Hali ya Kenya

Baada ya kuzunguka ng'ambo, yafaa kurudi nyumbani. Wataalamu huihesabu nchi kuwa na uhaba wa maji ikiwa maji yake yanayojazwa na mvua kila mwaka hayafikii mita za ujazo 1,000 kwa kila mtu. Kenya iko chini ya kipimo hicho. Na katika kila sehemu 100 za maji yachotwayo nchini, yapata 80 hutumika katika kilimo na mifugo. Kwa hiyo mkulima wa Kenya, hata yule mwenye eka mbili, ameshika ufunguo ambao hakuna mwingine aliye nao.

Ushahidi wa jambo hilo uko Mwea. Skimu ile ya mpunga ilianzishwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa kazi ya watu waliowekwa kizuizini, nayo hunyweshwa na mito ya Thiba na Nyamindi. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi kuyafurikisha majaruba tangu kupanda hata karibu na kuvuna. Mwaka 2009 wakulima wa huko walianza kujaribu njia nyingine, wakiongozwa na wataalamu ambao mmoja wao ni Profesa Bancy Mati. Miche hupandwa ingali michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi pana. Jaruba hunyweshwa, kisha huachwa likauke, kisha hunyweshwa tena. Wakulima walioifuata njia hiyo vizuri walitumia maji machache na kuvuna mpunga zaidi. Kazi ya palizi iliongezeka, kwa maana magugu huota pasipo na gharika, na jambo hilo sharti lisemwe wazi ili mtu asiianze kazi bila kujua.

Naivasha nako kwaonyesha kwamba maji husafiri. Imehesabiwa kwamba ua moja la waridi likuzwalo kandokando ya ziwa lile hutumia kati ya lita 7 na 13. Ua hilo huliwa na macho ya watu wa Ulaya, lakini maji yake ni ya Kenya. Hii si sababu ya kukataza maua, kwa kuwa yanaleta kazi na fedha ambazo hununua ngano na mchele kutoka nchi za ng'ambo. Ni sababu ya kujua bei kamili ya kitu kabla ya kukiuza, ili habari ya ngano ya Saudia isije ikarudiwa mahali pengine.

Mjini pia hapakosi lawama. Katika kila sehemu 100 za maji ambayo makampuni ya maji ya Kenya huyasafisha na kuyapeleka kwenye mabomba, zaidi ya 40 hazilipiwi. Mengine huvuja katika mabomba ya zamani, mengine huibwa, na mengine hupita katika mita mbovu. Karani amlaumuye mkulima kwa mfereji unaovuja na akumbuke kwamba chini ya barabara aipitayo kila siku kuna mfereji mwingine uvujao.

Juu ya ugomvi wa mito, njia ya kuumaliza haikosekani. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 imeweka wazi kwamba matumizi ya nyumbani hutangulia matumizi mengine yote, na kwamba mto usikaushwe bali ubakizwe maji ya kutosha mahitaji ya lazima ya watu na viumbe. Tena, tangu Sheria ya mwaka 2002 vimetambuliwa vyama vya watumiaji wa maji. Katika mito iingiayo Ewaso Ng'iro, huko Laikipia na kandokando yake, vyama hivyo huwaketisha pamoja mwenye eka moja, mwenye shamba kubwa la maua na mfugaji wa chini. Mto ukipungua hupanga zamu: siku hizi mfereji huu, siku zile mfereji ule, na sehemu iachwe ipite. Si kila zamu huheshimiwa, na wako wafunguao usiku. Lakini penye daftari, kipimo na watu wanaofahamiana kwa majina, mwizi wa maji huonekana upesi.

Basi kila mtu na aanze na kipimo chake. Mwenye mfereji wa udongo na apime maji yaingiayo juu na yatokayo chini, ajue ni mangapi yanapotea njiani. Mwenye mboga na afunike udongo kwa majani makavu, tena amwagilie jioni au alfajiri, si saa sita mchana. Mwenye bati la mita za mraba 50 na aweke mfereji wa paa na tangi, kwa kuwa mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya bati hilo huleta lita 1,000, yaani madebe 50 ambayo hakuna atakayeyabeba kutoka mtoni. Na mwenye bomba linalodondoka na abadilishe mpira wake leo.

Wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Inchi moja ya maji ambayo mkulima wa juu huiona kuwa si kitu ni miaka mitatu ya nyumba iliyo chini yake. Afunguaye mlango wa mfereji wake alfajiri na aikumbuke hesabu hiyo, na saa yake ikiisha, aufunge.